Usiku wa Fainali

Mama mwenzangu, mpira sikuujali. Lakini Mei 28, 2023, Yanga ilipofungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, fainali ya Kombe la Shirikisho, hapa kwetu Sakina baba watoto hakugusa ugali. Wiki nzima akawa mkimya.

Juni 3, usiku wa baridi ya Meru, nilijifunika kitenge nikakaa nao. Kule Algiers, Djuma Shaban akafunga penalti mapema. Tukashikana mikono hadi mwisho: 1-0.

Kijana wetu akaruka. Kumbe kombe limeenda! Wenzetu walifunga mawili ugenini, sisi moja.

“Baba, si tumeshinda?” akauliza, analia. Baba yake akampakata, akaanza kumweleza polepole. Nami nikaenda kupasha chai.