"Cheka basi tukuone!"

Najua nimepotea hapa kijiweni kama wiki mbili hivi, testi zilinikaba koo, na mwalimu mmoja (simtaji) akaamua kututwanga mbili ndani ya siku tatu. Hayo tuyaache. Leo nimekuja na ugomvi.

Darasa letu la mwaka wa tatu linachanga kununua kamera. Ndogo, ya kutia mfukoni, ya mtumba, kwa ajili ya picha za mwaka wa mwisho: vimbwetani, kwenye safari za mafunzo, usiku wa kuagana, mpaka siku ya majoho. Tukimaliza inabaki kwa wanaotufuata. Wazo zuri, na mimi niliunga mkono. Zimepatikana mbili huko mjini kwa wauzaji wawili tofauti, bei zimepishana kidogo sana. Moja ni Fujifilm FinePix F30 ya mwaka 2006. Nyingine ni Canon IXUS 70 ya mwaka 2007 (ukiikuta inaitwa SD1000 usishtuke, ni hiyohiyo, jina la Marekani). Zilipotoka hizi wengi wetu hatujaanza hata chekechea. Lakini ndiyo mtindo wa sasa, vijana dunia nzima wamezifukua kwenye makabati ya wazazi wao na bei zimepanda.

Kura ikapigwa kwenye kundi la darasa. Canon 31, Fuji 9. Nikaomba irudiwe, nikaitwa mjuaji. Sawa, basi leo msikilizeni mjuaji, maana kwenye kundi kila nikiandika aya mbili mtu anatuma stika ya mtu aliyelala.

Hoja iliyopigiwa makofi kuliko zote ni kwamba Canon ina megapikseli 7.1 na Fuji ina 6.3 "tu". Jamani. Chukueni kikokotoo. Picha ya Canon ina upana wa pikseli 3072, ya Fuji ina 2848. Tofauti ni pikseli 224, hata asilimia nane hazifiki. Picha ya kusafisha, ile ya kawaida ya inchi 6 kwa 4, inahitaji pikseli 1800 kwa 1200 tu ili itoke safi kabisa. Zote mbili zimevuka hapo zamani sana. Kwa hiyo watu 31 wamepiga kura juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao atakayekiona kwa macho yake. Na kwa mtindo huohuo ndiyo watu wanauziwa mtandaoni vikamera vipya vya bei chee vilivyoandikwa megapikseli 48, ambavyo ndani vina sensa ndogo kama punje, pikseli nyingine zimejazwa na programu tu. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi halafu ukasema umepika mwingi.

Kitu cha kuangalia ni sensa yenyewe (si ile ya watu na makazi, hapana, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga). Ya Canon ni ile inayoandikwa 1/2.5, eneo lake kama milimita za mraba 25. Ya Fuji ni 1/1.7, eneo lake kama milimita za mraba 43. Fikirieni siku maji yamekatika halafu mvua inanyesha. Unatoa kikombe nje au unatoa beseni? Mvua ni moja, ila mdomo wa beseni ni mpana. Lenzi za kamera hizi mbili zinaanzia uwazi uleule wa f/2.8, kwa hiyo mvua ni ileile kabisa. Halafu Fuji inagawa mwanga huo mwingi kwa pikseli chache zaidi, kwa hiyo kila pikseli moja ya Fuji ina eneo karibu mara mbili ya pikseli ya Canon. Hizo megapikseli "chache" mnazozicheka ndizo faida yenyewe.

Mchana haya yote hayana maana. Nakubali bila kulazimishwa. Saa kumi jioni Coco Beach, jua linawaka, zote mbili zitatoa picha nzuri na hakuna atakayejua ipi ni ipi. Lakini sisi maisha yetu ni ya mchana? Mchana tuko lekcha au tumejificha maktaba. Watu wanakutana jua likishazama, kwenye vimbweta chini ya taa moja ya njano, ndani ya chumba ambacho nusu ya taa zimeungua tangu tuhamie, ukumbini kwenye sherehe ambako mtu wa mataa anawasha zambarau na kijani kama yuko vitani. Hapo kamera ndogo inapandisha ISO ili ione, na ISO ikipanda picha inaanza chengachenga kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. F30 ilipata jina mwaka 2006 kwa jambo hili moja, kwamba unaipandisha mpaka ISO 800 na bado sura ni sura, hata 1600 kwa picha ndogo inavumilika (imeandikwa mpaka 3200, hiyo ya 3200 waachieni wenyewe). Kamera za sensa ya 1/2.5 za miaka ile, za kampuni zote, zikifika 800 zinahema.

Sasa nije kwenye kilichoniudhi hasa.

Kila darasa lina mtu wake. Sisi tunaye dada mmoja, mweusi wa kung'aa, na wote tunajua ni nani. Usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza tulipiga picha ya pamoja kwa simu ya mtu, ukumbi wenye vitambaa vyeupe kila meza, mstari wa mbele mashati meupe. Picha ikatupwa kundini. Yeye alikuwa mstari wa nyuma, na alichobaki nacho ni gauni. Mtu akaandika, "Cheka basi tukuone!" Tukacheka, watu kama hamsini, na yeye akatuma kikatuni cha kucheka machozi. Utani wa chuo, umeisha. Lakini fungueni picha zetu zote za mwaka wa pili mmtafute. Hayumo. Tangu usiku ule kila tukijipanga yeye ndiye anayesema "leteni niwapige." Nimemwuliza mwezi huu, akanijibu kwa kifupi tu: "Si bora nipige, kuliko kutafutwa kwenye picha."

Na kosa si la ngozi yake, wadau, ni hesabu. Kamera inapima mwanga wa eneo zima, inatafuta wastani. Ikikutana na vitambaa vyeupe na mashati meupe inadhani kuna mwanga wa kutosha, inabana. Mweupe wa mbele anatoka vizuri, mweusi wa nyuma anazama. Ukimwongezea flashi ya mbele ndiyo balaa, wa mbele wanaungua, wa nyuma wanapotea, ukuta unakuwa shimo. Jambo hili lina historia ndefu kuliko sisi. Enzi za filamu, maabara za Kodak zilikuwa zinapima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa kadi za Shirley. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, ameandika jinsi Kodak walivyokuja kuboresha rangi za kahawia, na kati ya waliolalamika mpaka wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti! Sisi tulikuwa tunaambiwa tucheke.

Simu nazo zina dawa yao. Nyingine ukifungua kamera ya mbele inakulainisha na kukung'arisha bila kukuuliza, unatoka mweupe pee kama umepaka mkorogo wiki tatu. Inakuchubua bure. Nakubali kwamba simu kubwa ya leo inazishinda gizani kamera zote mbili ninazozisema, maana inapiga picha nyingi kwa mkupuo na kuziunganisha. Ila darasa letu lina simu hizo ngapi? Mbili, na wenyewe hawaziachii.

Kwa hiyo kamera ya kundi letu lazima iamuliwe na yule wa mstari wa nyuma, usiku. Kwa kipimo hicho Fuji inashinda mapema. Ina hali ya kupiga picha mbili mfululizo kwa kubonyeza mara moja, moja kwa mwanga wa pale pale na moja kwa flashi, kisha unachagua. Flashi yake inajitahidi kupima isiunguze wa mbele, na kwa kuwa ISO yake inapanda bila fujo, ukuta wa nyuma nao unaonekana. Unaweza pia kuchagua mwenyewe uwazi wa lenzi au kasi, jambo ambalo IXUS 70 kama ilivyotoka kiwandani haikupi. Kuongeza mwanga kwa mkono, ile alama ya jumlisha na kutoa, zote mbili zinayo, na atakayeshika kamera ajifunze hiyo kabla hajajifunza kuzumu.

Mtaniambia Canon ya 2007 inatambua sura na F30 haitambui. Kweli, Fuji walileta utambuzi wa sura kwenye F31fd, mwishoni mwa 2006, na tuliyopewa si hiyo. Lakini kutambua sura si kuongeza mwanga uliopotea. Na yule aliyeandika kundini kwamba Canon "ina CCD ndiyo maana rangi zake ni za kizamani", kaka, zote mbili ni CCD. Hiyo sura ya zamani mnayoipenda inatokana zaidi na flashi iliyokaa karibu na lenzi na jinsi kamera inavyopika rangi ndani yake.

Upande wa kadi hapo mmenibana, sikatai. Fuji inakula kadi ya xD tu, kadi iliyoletwa na Fujifilm na Olympus mwaka 2002 na sasa haitengenezwi tena, na kubwa kabisa ni GB 2. Canon inakula SD ya kawaida, unaipata kwenye duka lolote la simu. Ila muuzaji wa Fuji anaitoa na kadi yake ya GB 1, ambayo kwa ubora wa juu inabeba picha zaidi ya 300. Tunahamishia kwenye laptopu kila usiku, tunafuta, tunaendelea. Picha 300 kwa usiku mmoja hazitoshi? Mnapiga harusi ya nani? Sharti langu ni moja: kadi haitoki kwenye kamera. Ikipotea tumekwisha.

Betri ndiyo iliyonifurahisha. Kwa kipimo rasmi ikiwa mpya, IXUS inapiga picha kama 210 kwa chaji moja, F30 inapiga kama 580. Za mtumba zimechoka, ndiyo, lakini nusu ya 580 bado ni nyingi kuliko 210 nzima. Na betri ya F30, NP-95, Fujifilm waliitumia tena kwenye X100 iliyoingia sokoni mwaka 2011 na wadogo zake wawili, kamera za watu wenye hela zao, ndiyo maana betri hizo na chaja zake bado zinapatikana. Kamera ya maskini inakula mabaki ya meza ya tajiri.

Cha kuchekesha ni kwamba Fuji wenyewe waliangushwa na kura kama hii yetu. Wanunuzi walitaka namba. Mwaka 2007 wakatoa F40fd ya megapikseli 8, halafu F50fd ya 12, nayo ikakubali kadi ya SD na kila kitu, na uwezo ule wa gizani ukashuka. Walisikiliza wengi.

Uzuri wa Canon naujua. Ni bapa, unene milimita 19, inakaa kwenye jinzi kama kitambulisho, na ina kitundu cha kuchungulia, kitu ambacho Fuji haina na mimi nakipenda. Fuji ina unene wa milimita 28, mfukoni ni kama umebeba mche wa sabuni. Basi itembee kwenye begi.

Kabla hata shilingi haijatoka, mweka hazina na mimi tunaenda kuikagua: lenzi ifunguke bila kukwaruza, flashi iwake mara kumi mfululizo, betri isiwe imevimba, na tupige ukuta mweupe tuone kama kuna doa.

Wauzaji wote wawili wamekubali kuzileta chuoni Alhamisi. Tukutane vimbwetani saa moja na nusu usiku, giza likishaingia, chini ya ile taa ya njano. Tutapiga picha ileile kwa kamera zote mbili, bila flashi na kwa flashi, tutazifungua kwenye laptopu moja, halafu kura irudiwe palepale kwa mikono. Mchango bado ni elfu nne kwa kichwa, na bumu limeingia, msinidanganye. Dada yetu nimeshaongea naye, kasema atakuja. Siku hiyo hapigi picha, anapigwa yeye, na atakaa mstari wa nyuma kwenye kiti alekisote, na mashati yote meupe mstari wa mbele.