Shokapu za Nyuma, Chagueni Wote Wawili

Jamani, hivi kwa nini shokapu za nyuma anazichagua anayekaa mbele? Kwetu abiria wa kudumu ni mimi, na tukienda ukweni Gorong'a, kule Tarime, mgongo wangu ndio unaohesabu mashimo yote ya njia ya changarawe. Baba watoto anapiga stori tu. Mimi nimekaa karibu kabisa na ekseli ya nyuma, na uzito wangu karibu wote unaangukia hapo. Mwaka jana nilibakiza kidogo nimwambie aende peke yake. Wanandoa kusalimia wazazi kwa zamu, kisa springi mbili!

Safari hii dukani tulikwenda wote. Muuzaji akatutolea zile ngumu za wabeba magunia, eti hizi hazifi. Nikagoma. Shokapu ngumu kuliko mzigo wake haishuki, kwa hiyo shimo linapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Laini mno nayo inashuka hadi inagota, na kishindo ni kilekile. Mnachotaka ni springi ya kilo zenu wawili, pamoja na begi la zawadi (ukweni huendi mikono mitupu, au siyo?).

Sasa, springi inabeba, lakini anayetuliza ni mafuta yaliyomo ndani. Hebu bonyeza kiti kwa nguvu, uachie. Kikipanda na kutulia, safi. Kikiendelea kunesanesa kama kitanda cha gesti, shokapu imechoka. Mafuta yakivuja kwenye fimbo yake, badilisha zote mbili, usimwachie mpya kazi ya mzee. Pima pia urefu, toka tundu la bolti la juu hadi la chini, ulingane na wa zile za zamani; ukizidi au kupungua, pikipiki inabadilika hata inavyokata kona.

Ila kabla ya kutoa hela, jaribuni ile ringi yenye ngazi kwenye springi. Pikipiki nyingi zinayo, na wengi hawajawahi kuigusa. Haiongezi ugumu wa springi, inanyanyua mkia uliolala. Mkiwa wawili usiku na taa inamulika matawi badala ya barabara, jueni mkia umelala! Pandisheni ngazi, kulia na kushoto sawa. Akiwa peke yake, anashusha.

Spana yake siku hizi inakaa kwenye pochi yangu.