Kipindupindu hakina pasipoti, wataalamu nao waungane

Ugonjwa ukizuka, hapa Old Town, Lilongwe, mfanyabiashara wa Songwe na mkimbizi wa Dzaleka ndio wa kwanza kushukiwa. Kipindupindu cha 2022-2023 kiliua watu zaidi ya 1,700 Malawi. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa 2024 ulionyesha kuwa aina ile ya vimelea ilitokea Asia Kusini.

Kazi hiyo inataka kompyuta na watu waliofunzwa kuzitumia kusoma vinasaba. Mwaka 2016 mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulifundisha nchi 10 kwa pamoja, kila darasa likiwa kwao. Fedha zilitoka Marekani.

Nionavyo, serikali zetu zichangie. Mfadhili akifunga mkoba, tutabaki kutuhumiana mpakani.