Kinga Haiongezwi kwa Tangazo

Liko neno moja ambalo katika nchi yetu limegeuzwa mtaji na watu wasiotaka kuulizwa maswali. Neno hilo ni "kinga". Panda basi lolote liendalo mkoani, na kabla hujafika nusu ya safari atasimama kijana mwenye begi, atangaze chupa "inayoongeza kinga ya mwili" na kuponya kisukari, vidonda vya tumbo na saratani. Abiria hununua. Na tusidanganyane: wanunuzi si wale tu waliokosa nafasi ya kusoma. Wamo walimu, na wamo watumishi wa serikali wenye shahada.

Ndugu msomaji, hebu tuilinganishe chupa hiyo na kazi inayofanywa na watafiti wa saratani ya damu huko Marekani.

Wataalamu hao humtoa mgonjwa chembe nyeupe za damu ziitwazo chembe T, ambazo ni askari wa mwili. Katika maabara huzipandikiza jeni inayoziwezesha kuitambua alama iliyo juu ya chembe za saratani, huzizalisha kwa mamilioni, kisha huzirudisha mwilini mwa mgonjwa yule yule. Mwaka 2012 mtoto Emily Whitehead, mwenye umri wa miaka 6, alipewa tiba hiyo mjini Philadelphia baada ya dawa nyingine kushindwa. Alipona. Mwezi Agosti, 2017, Serikali ya Marekani iliiruhusu tiba hiyo itumike.

Lakini askari nao huchoka. Kwa wagonjwa wengi chembe hizo hupungua au kutoweka, na saratani hurudi. Ndipo watafiti wakajiuliza: je, askari hawa wakipewa posho ya kutosha, hawatadumu vitani? Mwilini mwetu kuna kitu kiitwacho interleukini-15, ambacho huzihimiza chembe za kinga ziishi na kuongezeka. Kampuni ya Nektar ilitengeneza dawa ya aina hiyo, iitwayo NKTR-255, iliyoundwa ili idumu zaidi katika damu. Katika Chuo Kikuu cha Stanford wagonjwa wachache wa saratani ya damu waliipata dawa hiyo baada ya kurudishiwa chembe zao. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kuwa asilimia 67 yao walitimiza mwaka mzima bila ugonjwa kurudi, ilhali kwa wagonjwa waliotibiwa zamani bila dawa hiyo ilikuwa asilimia 38.

Mchuuzi wetu angelizipata tarakimu hizo, mji mzima usingelala! Lakini kwa sayansi huo ni mwanzo tu. Jaribio hilo lilikuwa la hatua ya kwanza, ambayo kazi yake kubwa ni kupima usalama. Wagonjwa walikuwa wachache, na walilinganishwa na watu wa jana, si na wenzao wa siku ile ile waliogawanywa kwa kura. Mwenye haki hawezi kutoa hukumu kwa ushahidi wa namna hiyo.

Tahadhari hiyo ina sababu. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na dawa nyingine ya kuchochea kinga, ambayo majaribio yake ya awali yaling'aa mno. Mwaka 2018 kampuni ya Bristol Myers Squibb ilikubali kutoa dola bilioni 1.85 ili kushirikiana nayo. Mwezi Machi, 2022, jaribio kubwa la wagonjwa wa saratani ya ngozi likatoa jibu: waliopewa dawa hiyo pamoja na dawa ya kawaida hawakuwazidi waliopewa dawa ya kawaida peke yake. Mabilioni yote hayo hayakuweza kuihonga hesabu.

Aidha, kuchochea kinga si mchezo. Mwezi Machi, 2006, mjini London, vijana sita wenye afya njema walipewa dawa ya kuchochea chembe za kinga iitwayo TGN1412. Wote sita waliishia katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hata mtoto Emily alikaribia kufa kwa sababu kinga yake ilichachamaa kupita kiasi. Kinga iliyochochewa ovyo ni mbwa mlinzi aliyepandwa na kichaa: humgeukia mwenye nyumba. Basi, kama chupa ya kwenye basi kweli inaongeza kinga, tungepaswa kuiogopa. Na kama haiongezi, tunaibiwa.

Wako watakaosema kuwa tiba iliyotangazwa kwa bei ya dola 475,000 ni mambo ya matajiri, hayatuhusu. Hiyo ni kasumba. Mwezi Oktoba, 2023, India iliruhusu tiba ya chembe T iliyoundwa na wanasayansi wake wenyewe, kwa bei iliyo karibu na sehemu moja ya kumi ya ile ya Marekani. Isitoshe, hata leo ambapo maabara hiyo hatuna, kanuni ya kulinganisha tunaweza kuwa nayo. Haihitaji fedha za kigeni.

Wako pia watakaodai kuwa napuuza tiba za mababu zetu. La hasha! Vinkristini, dawa inayotumika hadi leo kutibu saratani ya damu ya watoto, imetoka katika mmea wa Madagaska. Mmea huo uliingia hospitali kwa kupimwa. Lakini mwaka 2011 maelfu ya Watanzania, viongozi wakiwamo, walipanga foleni Samunge, Loliondo, na kikombe kikaenea nchi nzima kabla ya kipimo. Dawa njema, ya kienyeji au ya kigeni, haiogopi mizani.

Anayelipa gharama ya uzembe wetu ni mzazi ambaye mwanawe ana saratani ya damu. Anapoacha hospitali ili kujaribu chupa, hapotezi shilingi tu. Anapoteza majuma ambayo ugonjwa huo hausamehi. Na mara nyingi aliyemshauri ni msomi wa jirani, mtu ambaye neno lake huaminiwa.

Kwa hiyo walimu na watumishi wa umma hatuna budi kuuliza, darasani, ofisini na ndani ya basi: dawa hii imejaribiwa kwa watu wangapi? Ililinganishwa na nini? Nani alihesabu waliopona, na nani alihesabu waliokufa? Tunayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tunayo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anayedai kuongeza kinga aende huko akapimwe.

Akikataa, nasi tukatae kununua. Msomi anayenyamaza mbele ya mlaghai amemsaidia kubeba begi.