Darasa lililogeuzwa na somo la Sachangwan

Siku hizi wahadhiri wanalizungumzia sana darasa lililogeuzwa: mwanafunzi ausikilize mhadhara nyumbani kwa simu, kisha saa ya darasani iwe ya kujadiliana na kutatua maswali. Waliolipa umaarufu ni walimu wawili wa kemia wa Colorado, Marekani, walioanza kurekodi masomo yao mwaka 2007.

Mimi naliunga mkono, na mfano wangu ni Sachangwan, kule Nakuru. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka hapo. Watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Hayo mwanafunzi wa masuala ya majanga atayasoma peke yake. Lakini kwa nini mtu asogee na ndoo penye petroli? Askari wachache wauzuieje umati wa mamia? Maswali hayo yanataka watu wabishane ana kwa ana, na sisi wa Pwani yanatuhusu, maana malori ya mafuta hupita Mariakani pia.

Kikwazo ni bando. Asiye na hela ya intaneti ataingia darasani mtupu, mhadhiri atalazimika kufundisha upya, na mageuzi yataishia hapo. Vyuo vyetu, Mombasa hadi Kilifi, viwaruhusu wanafunzi wazipakue rekodi maktabani bila malipo, au viwatilie kwenye flashi. Na ziwe za dakika 10 tu. Saa nzima ya sauti moja kwenye simu ni adhabu, jamani.