Dola Kongwe za Marekani: Alama Isiwe Mwisho wa Hoja

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kutangulizwa mbele ya kila anayetaka kununua dola kongwe za fedha za Marekani. Aghalabu dola hizo huuzwa zikiwa zimefungiwa katika vikasha vya plastiki vyenye karatasi ya alama. Wanunuzi wengi huisoma alama, wakaisahau sarafu yenyewe.

Alama hiyo ina asili yake. Mwaka 1949 William Sheldon alibuni kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi hiyo. Baadaye kipimo kilienezwa kwa sarafu nyinginezo, na kampuni za PCGS, iliyoanzishwa mwaka 1986, na NGC, iliyofuata mwaka 1987, zikakifanya kuwa msingi wa soko. Wataalamu huthibitisha kwamba sarafu si ya bandia, huchunguza mikwaruzo, mng'aro na ukali wa chapa, kisha huikadiria. Kazi hii haifai kubezwa. Kabla yake mnunuzi alitegemea kauli ya muuzaji, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Hata hivyo, ifahamike kwamba alama hupima hali ya sarafu tu. Mathalani, dola za Morgan, zilizopewa jina la mchoraji wake George T. Morgan, zilianza kutolewa mwaka 1878. Zile za San Francisco za mwaka 1881 zilizidi milioni 12, na nyingi zilihifadhiwa bila kutumika, hivyo si ajabu kuzikuta na alama za juu. Za mwaka 1893 kutoka mji uo huo zilikuwa 100,000 tu. Moja ya hizi, hata ikiwa imechakaa mikononi mwa watu, huuzwa ghali mara nyingi kuliko ya 1881 inayometameta.

Ushahidi mzito zaidi ni dola yenye tarehe ya 1804. Tarehe hiyo si ya kweli, kwani dola za kwanza za namna hiyo zilipigwa chapa mwaka 1834, wakati serikali ya Rais Andrew Jackson ilipoandaa zawadi za watawala wa Asia. Mwaka 1835 mjumbe Edmund Roberts alifika Maskati na seti moja, akamkabidhi Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, ambaye Wamarekani walikuwa wametiliana naye mkataba wa biashara mwaka 1833. Biashara hiyo ilihusu pembe za ndovu na sandarusi za Unguja, na nguo za Wamarekani zikakiachia Kiswahili neno 'merikani'. Sarafu inayosadikiwa kuwa ya Seyyid Said, yenye alama 68, iliuzwa mnadani mwaka 1999 kwa dola milioni 4.14, na mwaka 2021 kwa dola milioni 7.68.

Je, mamilioni hayo yalilipiwa alama 68? Hasha. Zipo dola za Morgan zenye alama iyo hiyo ambazo hazifikii hata sehemu ya mia ya bei hiyo. Kilichonunuliwa ni uhaba na historia: tarehe ya uongo, safari ya bahari na jina la sultani.

Huenda ikadaiwa kwamba mnunuzi wa kawaida hana muda wa kuchimbua historia, na kwamba alama humkinga. Dai hili lina ukweli nusu. Hata vikasha navyo huigizwa na matapeli, na asiyelinganisha nambari ya cheti na kumbukumbu za kampuni huweza kununua bati kwa bei ya fedha. Basi mnunuzi na aanze kwa mwaka, herufi ya kiwanda na idadi iliyotolewa. Alama ije baadaye, kama shahidi.

Wajibu huu unawagusa pia wanafunzi wa Kiswahili. Kisa cha sarafu ya Seyyid Said hakipaswi kuachiwa madalali wa minada peke yao. Anayejua jinsi neno 'merikani' lilivyofika pwani tayari anashika sehemu ya kisa hicho ambayo haikuandikwa juu ya kikasha chochote.