Sheria ya Marekani Yamjua Mtu, Haiijui Nyumba

Kila mara mjadala wa wahamiaji unapopamba moto nchini Marekani, kitu cha kwanza kuwekwa mezani huwa ni hesabu. Wangapi wamo nchini pasi na vibali? Wangapi wamefurushwa? Taasisi ya utafiti ya Pew ilikadiria kwamba walikuwa milioni 14 mwaka 2023, idadi isiyopata kuonekana hapo awali. Hesabu hizo zina kazi yake, walakini zinamhesabu mtu mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja anaishi chumbani peke yake. Watu hao wanaishi katika nyumba, na nyumba zenyewe ni mchanganyiko: baba hana hati yoyote, mama ana kibali cha muda, kifungua mimba aliletwa nchini akiwa mchanga, na kitinda mimba ni raia kamili wa Marekani. Watoto raia ambao angalau mzazi wao mmoja hana kibali wanazidi milioni 4. Nyumba hizo ndizo ambazo sheria ya Marekani imeshindwa kuziona kwa miaka arobaini.

Tuanze na mwaka 1986, kwa kuwa kila upande wa mjadala huurejelea mwaka huo. Mnamo Novemba, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyowapa msamaha wahamiaji waliokuwa wameishi Marekani tangu kabla ya Januari 1, 1982, pamoja na kundi la vibarua wa mashambani. Watu wapatao milioni 2.7 walipata ukaazi halali. Ilikuwa hatua kubwa, na hakuna rais aliyeifikia tangu wakati huo. Hata hivyo, ile tarehe iliyowekwa ilikata kama panga. Mume aliyeingia mwaka 1981 alipewa kibali, na mkewe aliyemfuata mwaka 1983 akaachwa nje ya sheria, ilhali wanalala kitanda kimoja na kulipa kodi ya nyumba moja. Ilibidi serikali ya Rais George Bush, yule baba, iweke kiraka mwaka 1990 ili wake na watoto wa waliosamehewa wasifukuzwe. Kiraka hicho ni ushahidi tosha kwamba waliotunga sheria walimfikiria mfanyakazi, wakasahau kwamba mfanyakazi huwa na jamaa.

Sehemu ya pili ya sheria hiyo ilikusudiwa kuwaadhibu waajiri wanaowaajiri watu wasio na vibali. Ikabaki kuwa maandishi tu. Mwajiri hakutakiwa ahakikishe kwamba hati aliyoonyeshwa ni ya kweli. Ilitosha ionekane kuwa ya kweli. Biashara ya hati bandia ikanawiri.

Hapo ndipo ilipozaliwa hoja ya wapinzani wa msamaha, na haifai kuibeza. Wanasema walitoa msamaha mara moja kwa ahadi kwamba mpaka utalindwa, msamaha ukatolewa na ahadi ikavunjwa. Wanauliza pia: je, yule aliyefuata utaratibu, akajaza fomu, akalipa ada na kungoja kwa miaka mingi, ana faida gani ikiwa aliyeruka ua anapokelewa kabla yake? Mkenya aliyewahi kupiga foleni katika ubalozi wa Marekani pale Gigiri, akaulizwa maswali matatu na kurudishiwa pasipoti yake bila viza, hahitaji kufafanuliwa uzito wa swali hilo. Wala hoja hii si ya wabaguzi peke yao. Barbara Jordan, mwanamke Mwafrika-Mmarekani kutoka Texas aliyeheshimika sana katika siasa za nchi hiyo, aliongoza tume ya marekebisho ya uhamiaji katika miaka ya tisini hadi alipofariki mwaka 1996. Alishikilia kwamba utaratibu hauwezi kuaminika ikiwa aliyenyimwa ruhusa haondoki. Lakini Jordan huyo huyo alipinga vikali pendekezo la kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio na vibali. Alijua mahali pa kutenganisha kosa la mzazi na haki ya mtoto.

Sasa, hiyo foleni ambayo watu huambiwa warudi nyuma wakaipange iko wapi? Tuchukue mfano wa mama aliyevuka mpaka kutoka Meksiko mwaka 2005 bila kukaguliwa. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume katika hospitali ya Marekani, na mtoto yule ni raia. Wengi wetu hudhani kwamba uraia wa mtoto ni kinga ya mama. Sivyo. Mtoto hawezi kumwombea mzazi wake kibali cha ukaazi kabla hajatimiza umri wa miaka 21. Atakapoutimiza, mama atatakiwa atoke nje ya nchi akachukue viza katika ubalozi, kwa sababu aliingia bila kukaguliwa. Na punde tu atakapotoka, atanaswa na sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwaka 1996: aliyekaa bila kibali kwa zaidi ya siku 180 asirudi kwa miaka 3, na aliyekaa mwaka mmoja au zaidi asirudi kwa miaka 10. Kwa maneno mengine, sheria inamtaka apite mlangoni, halafu inaufunga mlango kwa sababu amepita.

Kuna njia ya kuomba adhabu hiyo iondolewe, na hapa namsihi msomaji asome taratibu. Mwombaji sharti athibitishe kwamba kutengwa kwake kutamletea mateso makubwa jamaa yake aliye raia au mkaazi halali. Jamaa wa aina gani? Mume au mke, na mzazi. Mtoto hayumo. Mama huyu anaweza kueleza jinsi mumewe atakavyotaabika, endapo ana mume aliye raia. Anaweza kueleza jinsi babake mzee atakavyodhoofika. Kilio cha mwanawe raia, aliyezaliwa na kusomeshwa humo, hakihesabiwi kwa nafsi yake. Mwaka huo wa 1996 bunge lilichuja kwa makusudi orodha ya watu ambao machozi yao yana thamani mbele ya sheria, likamwondoa aliye mdogo kuliko wote.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wa watu hawa walilishika jembe siku ile ile ya kwanza. Wanachuma matunda California, wanaezeka paa Texas, wanachinja kuku katika viwanda vya kusini na kuwaogesha wazee wa watu wengine. Miaka kumi, miaka ishirini inapita, na bado wanaitwa wageni.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Meksiko na majirani zake tu. Zeituni Onyango, shangazi yake Barack Obama kwa upande wa baba, aliingia Marekani kwa viza mwaka 2000, akapita uwanja wa ndege kama abiria yeyote, kisha akabaki. Ombi lake la hifadhi lilikataliwa mwaka 2004 na akaamriwa aondoke. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 2008 magazeti yalifichua kwamba alikuwa bado anaishi Boston. Mpwa wake akaapishwa kuwa rais, mkuu wa serikali iliyokuwa ikimtaka ahame! Mahakama ya uhamiaji ilimpa hifadhi mwezi Mei 2010, na akafariki mwaka 2014. Ukoo huo mmoja ulikuwa na mkuu wa dola upande mmoja na mkimbia-afisa upande wa pili.

Tangu hapo jaribio la kurekebisha sheria limefuata jaribio. Mwaka 2001 ulipelekwa bungeni mswada wa kuwapa njia ya ukaazi vijana walioletwa nchini wakiwa watoto; haukupita, wala haukupita uliporudishwa mara kadhaa baadaye. Juni 15, 2012, Obama akatumia mamlaka ya serikali yake kuwapa vijana hao ruhusa ya miaka miwili miwili ya kubaki na kufanya kazi. Vijana wapatao laki 8 walinufaika kadiri miaka ilivyosonga. Ila wazazi waliowaleta hawakuguswa, na jaribio la kuwafunika baadhi ya wazazi mwaka 2014 likaishia mahakamani, ambako mwaka 2016 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika wanne kwa wanne, na zuio likabaki. Katikati ya hayo, mwaka 2013, Seneti ilipitisha mswada mpana kwa kura 68 dhidi ya 32. Baraza la Wawakilishi halikuupigia hata kura.

Mwaka 1986 mume aliokolewa, mke akaachwa. Mwaka 2012 mtoto aliokolewa, mzazi akaachwa. Mwaka 2018 mtindo huo ulifikia kilele cha ukatili. Serikali ya Rais Donald Trump iliamua kwamba kila mtu mzima anayevuka mpaka kinyume cha sheria ashtakiwe kwa jinai, na kwa kuwa mtoto hawekwi rumande na mzaziwe, watoto zaidi ya 5,000 walitenganishwa na wazazi wao. Jaji mmoja wa San Diego alipoamuru mwezi Juni warudishiwe, ilibainika kwamba mzazi alikuwa na nambari yake katika idara moja na mtoto nambari yake katika idara nyingine, bila sajili moja inayosema huyu ni wa yule. Serikali yenye mitambo ya kila aina haikuwa na rubaa moja ya kuandikia neno "familia".

Mahali pamoja ambapo sheria ilimtetea mtoto huyu ni darasani, na jambo hili walimu wetu na wanafunzi wao wangefaa kulifahamu. Mwaka 1975 jimbo la Texas liliamua kutolipia masomo ya watoto wasio na vibali. Mji wa Tyler ukaanza kuwatoza dola 1,000 kwa mwaka, fedha ambazo kibarua wa kiwandani hangezipata. Familia nne zilikwenda mahakamani mwaka 1977. Kesi ilipangiwa saa kumi na mbili asubuhi ili zisionekane, nazo zilifika na mizigo yao imepakiwa garini, tayari kufukuzwa nchini siku hiyo hiyo. Hazikufukuzwa. Juni 15, 1982, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya msingi na ya sekondari kwa kosa la wazazi wake. Hata Jaji Mkuu Warren Burger, aliyeongoza wale wanne, alikiri kwamba ni upumbavu kuwaacha watoto bila elimu. Ubishi wake ulikuwa kwamba kazi hiyo ni ya bunge.

Kura moja, basi. Na Texas hiyo hiyo ndiyo iliyotangulia majimbo yote mwaka 2001 kuwaruhusu vijana wasio na vibali, waliosoma humo miaka mitatu na kuhitimu, walipe karo ya chuo kikuu kama wenyeji. Gavana Rick Perry wa chama cha Republican alitia saini. Mwezi Juni 2025 serikali kuu iliishtaki Texas kwa ajili ya sheria hiyo, na Texas, badala ya kujitetea, ikakubali siku hiyo hiyo ifutwe. Mwaka huo pia Seneti ya jimbo la Tennessee ilipitisha mswada wa kuziruhusu shule kuwakataa watoto hao au kuwadai karo, ingawa baraza la pili liliukwamisha. Aidha, mwezi Januari 2025 serikali ilifuta mwongozo uliokuwa ukiwazuia maafisa wa uhamiaji kuwakamata watu shuleni, makanisani na hospitalini.

Mwezi huo huo Trump alitoa amri ya kuwanyima uraia watoto watakaozaliwa humo ikiwa mama hana kibali na baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Mahakama za chini ziliizuia, zikirejelea Marekebisho ya 14 ya Katiba ya mwaka 1868, ambayo Mahakama ya Juu iliyafafanua mwaka 1898 kwa faida ya mtoto wa wahamiaji wa Kichina. Sisi Wakenya tunaweza kushangaa, kwani Katiba yetu ya 2010 hufuata uraia wa mzazi na si ardhi aliyozaliwa mtoto. Hata hivyo amri hiyo ilitugusa, maana iliwataja pia wazazi walio na viza za muda. Mkenya na mkewe walio huko kwa viza za masomo, wakiwa na karatasi zao zote sawasawa, nao wamo.

Huko Marekani sasa mashirika ya msaada wa kisheria huwashauri wazazi wasio na vibali waandike mapema jina la mtu atakayemchukua mtoto shuleni endapo mama hatafika jioni. California ina fomu maalumu ambayo jamaa anayemlea mtoto huijaza ili aweze kumwandikisha shule. Haihitaji sahihi ya mzazi.